Mjomba John na Viatu vya Matope

Hotuba kwa wanafunzi wa chuo cha Biblia na wachungaji wa mitaa ya jirani, Dodoma

Bwana Yesu asifiwe.

Baba Mkuu wa Chuo, wachungaji wenzangu mliosafiri tangu alfajiri, wainjilisti, makatekista, kina mama, na ninyi wanafunzi ambao mwezi ujao mtaanza kuitwa wachungaji hata na watu waliowazaa: nimeombwa nizungumze kuhusu maisha na maandishi ya John Stott, kasisi Mwanglikana wa Uingereza. Ningeweza kuanza na vitabu vyake, maana aliandika zaidi ya 50. Naomba nianze na brashi ya viatu.

Yupo mwanatheolojia wa Amerika ya Kusini, René Padilla, mzaliwa wa Ecuador aliyefanya kazi miaka mingi Argentina. Padilla alikuwa akisimulia kwamba safari moja yeye na Stott walifika Bariloche, kule milimani Argentina, usiku, mvua ikinyesha. Walipita kwenye njia ya matope mpaka chumba walichoandaliwa, wakavua viatu, wakalala. Asubuhi Padilla akazinduliwa na sauti ya brashi. Kufumbua macho, anamwona Stott ameshika kiatu, anakisugua. Na kiatu chenyewe si chake Stott, ni cha Padilla. Padilla akashtuka, akamwuliza anafanya nini. Stott akamjibu kwamba Yesu alituagiza tutawadhane miguu; siku hizi hatutawadhani kama watu wa zamani zile, lakini kiatu chako naweza kukisafisha.

Mtu huyo alikuwa mmoja wa makasisi wa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Vitabu vyake vilisomwa kila bara. Mwaka 2004 mwandishi mmoja wa gazeti la New York Times alimnukuu mtu aliyesema kwamba kama Wakristo wa kiinjili wangekuwa na desturi ya kuchagua papa, wangemchagua Stott. Mwaka uliofuata jarida la Time likamweka kati ya watu 100 wenye ushawishi mkubwa duniani. Na yeye anapiga brashi kiatu cha mwenzake kabla mwenzake hajaamka.

Nina neno moja la kuwaambia leo, na yote nitakayosema yatalizunguka. Kurasa alizoandika Stott kuhusu msalaba huwezi kuzielewa sawasawa mpaka umwone na kile kiatu mkononi. Na kile kiatu hukielewi mpaka uzisome zile kurasa.

Alizaliwa London tarehe 27 Aprili 1921. Baba yake, Sir Arnold Stott, alikuwa daktari bingwa, mtu wa sayansi asiyekuwa na habari na dini. Mama yake, Lily, alilelewa katika Ulutheri, naye ndiye aliyewapeleka watoto kanisani, katika kanisa la All Souls, Langham Place, katikati ya jiji. Likumbukeni jina la kanisa hilo. Huyu mtu alisali pale akiwa mtoto, akapewa ushemasi na kupangiwa pale mwaka 1945, akawa kasisi kiongozi wa pale mwaka 1950 akiwa na miaka 29, na hakuhama tena. Sisi tunaohesabu uhamisho kama kupandishwa cheo, hapo pana jambo la kutafakari. Uaskofu wengi walimtarajia aupate. Hakuwa askofu hata siku moja.

Alikuwa mwanafunzi wa bweni katika shule ya Rugby alipookoka. Mhubiri mmoja aliyeitwa Eric Nash alikuja shuleni, akazungumza juu ya swali la Pilato: "Basi, nimtendeje Yesu aitwaye Kristo?" Stott alikuwa kijana wa ibada. Alisali, alisoma Biblia, alijitahidi kuwa mwema. Lakini kwamba mtu anatakiwa amtendee Yesu jambo fulani, kwamba hawezi kukaa katikati, hilo lilikuwa geni masikioni mwake. Usiku ule wa Februari 1938, kando ya kitanda chake bwenini, alimfungulia Kristo mlango. Andiko ni lile la Ufunuo 3:20 ambalo sote tunalijua kwa moyo. Hakuona nuru wala hakusikia ngurumo. Alipanda kitandani akalala.

Kisha Nash akaanza kumwandikia barua. Kila wiki barua moja, kwa miaka mitano. Barua nyingine zilikuwa za kumfundisha, nyingine za kumkemea vikali. Nawaomba wainjilisti mlipime jambo hili. Sisi tunafanya mkutano wa siku saba uwanjani, watu wanakata shauri, tunaandika majina kwenye daftari, na daftari linapotea kwenye gari njiani kurudi. Nash alimwongoza kijana mmoja kwa Kristo, halafu akaketi kumwandikia kwa miaka mitano. Matunda yake mnayaona.

Baba hakufurahi. Alimtaka mwanawe awe balozi, na kijana alikuwa na kipaji cha lugha, alifaulu daraja la kwanza Cambridge katika Kifaransa na tena katika theolojia. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Sir Arnold alikuwa Meja Jenerali katika kikosi cha madaktari wa jeshi, na mwanawe akasema dhamiri yake haimruhusu kushika silaha. Kwa kipindi cha karibu miaka miwili baba alishindwa hata kuzungumza naye. Baadaye Stott alibadili msimamo wake kuhusu vita, akaona vipo vita vya haki. Lakini lile jeraha la nyumbani alilibeba, na nitalirudia mbele kidogo.

Basi, awe kasisi. Akiwa bado kijana msaidizi pale All Souls alitaka kujua wanaolala barabarani wanaishije. Akaacha kunyoa ndevu siku kadhaa, akavaa nguo kuukuu, akaenda kulala nje chini ya madaraja karibu na mto Thames. Hakuna aliyemtuma. Kanisa lake lilizungukwa na maduka ya fahari na majumba ya madaktari wakubwa, na ng'ambo ya barabara palikuwa na makao ya BBC. Nyuma ya fahari hiyo waliishi maskini, naye aliona aibu kuwahubiria watu ambao usingizi wao haujui.

Sasa nije kwenye vitabu, hapa nitakaa.

Kitabu kilichompa jina ni Basic Christianity, cha mwaka 1958. Kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 60 na kuuzwa zaidi ya nakala milioni mbili. Mimi nilikipata kwa mwalimu wangu wa sekondari, nakala isiyo na jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, kwa hiyo nilimaliza kitabu kizima bila kujua nani amekiandika. Nilichokijua ni kwamba mtu huyu hapigi kelele. Anauliza: Yesu ni nani? Anaweka ushahidi mezani, kipande kwa kipande, kama fundi anavyopanga vyuma vya baiskeli juu ya gunia ili kila kimoja kionekane. Kisha anauliza: sisi tuna hali gani? Kisha: Yesu alifanya nini? Na mwisho: wewe unafanyaje? Hakuna hatua anayoiruka. Nilikuwa nimezoea mahubiri ya kutokwa jasho, na sikujua kwamba mtu anaweza kukushika shati kwa sauti ya chini namna ile.

Lakini kitabu chake kikubwa, chake hasa, ni The Cross of Christ cha mwaka 1986. Alikuwa na miaka 65. Hapo alimimina kila alichokuwa nacho.

Nisikilizeni vizuri, maana hapa wahubiri wengi tunakosea. Tunapoeleza kwamba Kristo alikufa badala yetu, mara nyingi tunapiga picha hii: Mungu Baba amekasirika, ameshika fimbo, na Yesu anakimbia kujikinga mbele yetu, anapigwa yeye. Msikilizaji anaondoka akimpenda Yesu na kumwogopa Baba, kama mtoto anayempenda mjomba kwa sababu baba ni mkali. Stott anasema hapana. Anasema tusithubutu kumfanya Mungu amwadhibu mtu wa tatu asiyehusika, wala kumfanya Yesu ambembeleze Baba asiyetaka kusamehe. Pale msalabani aliyejitoa ni Mungu mwenyewe ndani ya Kristo. Aliyekosewa ndiye aliyelipa. Na kiini cha dhambi, anaendelea, ni mwanadamu kujiweka mahali pa Mungu. Kiini cha wokovu ni Mungu kujiweka mahali pa mwanadamu.

Ngoja nilete mfano wetu. Mbuzi wa jirani wanaingia katika shamba lako la mtama usiku mmoja wanamaliza msimu mzima. Mnapelekana kwa wazee. Jirani ni maskini, hana cha kukulipa. Ukisema mbele ya wazee, "Nimesamehe," je, mtama umerudi? Haurudi. Njaa ya mwaka huo utaila wewe na wanao. Hasara haikupotea, imehama, imekaa kwako uliyesamehe. Msamaha siku zote una mtu anayebeba hasara. Msalabani hasara yetu aliibeba mwenye shamba.

Ndiyo maana narudi kwenye kile kiatu. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba Mungu alishuka akashika mahali pake, atashindwaje kushika kiatu cha ndugu yake?

Karibu na mwisho wa kitabu hicho kuna ukurasa ambao nimeusoma mara nyingi kuliko wowote nje ya Biblia. Stott anaeleza kwamba katika safari zake Asia aliingia katika mahekalu, akasimama kwa heshima mbele ya sanamu ya Buddha: miguu imekunjwa, macho yamefumbwa, uso umetulia, uko mbali na uchungu wa dunia. Na kila mara, anasema, baada ya muda alilazimika kugeuka, na moyoni akamwona yule mwingine, wa msalabani, misumari mikononi, damu kwenye paji la uso, kinywa kimekauka. Akasema huyo ndiye Mungu wake. Isingekuwa msalaba, yeye asingeweza kumwamini Mungu kabisa, kwa sababu katika dunia yenye maumivu namna hii utamwabuduje Mungu asiyejua kuumia?

Ukurasa huo niliusoma kwa taa ya chemli wiki tuliyomzika mdogo wangu. Waombolezaji walikuwa wamelala nje kwenye mikeka. Watu walikuwa wameniambia maneno mengi mazuri siku zile tatu, na nawashukuru, lakini ukurasa ule ndio uliokaa nami mpaka jogoo wakawika.

Vitabu hivi aliviandika wapi? Mwaka 1954 alinunua nyumba chakavu ya shambani iitwayo Hookses, kwenye miamba ya pwani ya Wales, upepo wa bahari unapiga mwaka mzima. Kwa miaka mingi haikuwa na umeme. Alikaa dirishani panapoonekana ghuba, akaandika kwa mkono, na usiku akawasha taa ya mafuta. Katibu wake, Frances Whitehead, aliupokea ule mwandiko wake mdogo na kuupiga taipu. Frances alianza kazi mwaka 1956 na hakuiacha mpaka Stott alipokufa mwaka 2011, miaka 55. Nasema wazi: pasingekuwa na Frances Whitehead, tusingekuwa na rafu ya vitabu vya Stott. Kila mchungaji hapa ana mtu kama huyo, na mara nyingi ni mama ambaye jina lake halitangazwi siku ya shukrani.

Na fedha za vitabu? Mchukulie mtu ambaye kitabu chake kimoja tu kimeuzwa nakala milioni mbili. Mwaka 1971 ulianzishwa mfuko wa vitabu, naye akauandikia haki zake za mauzo, ili fedha zile zinunulie vitabu wachungaji, wanafunzi na maktaba za vyuo katika nchi maskini. Yeye alipoacha uongozi wa parokia mwaka 1975 aliishi katika vyumba viwili vilivyojengwa juu ya gereji, nyuma ya nyumba ya kasisi. Hakuoa. Alisema si kwamba aliweka nadhiri. Alidhani ataoa, ikatokea mara mbili kwamba akakaribia, na mara zote mbili hakupata amani. Hakuwa na mtoto, lakini vijana waliomsaidia utafiti, na watu wa mataifa mengi baada yao, walimwita Mjomba John. Kwetu tunajua uzito wa mjomba. Kuna mambo hayapelekwi kwa baba, yanapelekwa kwa mjomba.

Pamoja na mfuko wa vitabu kulikuwa na kazi nyingine iliyoitwa Langham, kwa jina la mtaa lilipo lile kanisa. Wazo lilikuwa kuwasomesha walimu wa Biblia wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini mpaka udaktari, kwa sharti kwamba warudi nyumbani kufundisha. Aliona kwamba mchungaji mmoja anahubiri katika kanisa moja, lakini mwalimu wa wachungaji anahubiri katika makanisa mia. Alipotazama Kanisa la nchi zetu linavyoongezeka alifurahi, kisha akasema kwa huzuni kwamba ni kukua kusiko na kina.

Tusikasirike. Sisi tunaokaa Dodoma tunayajua makorongo yetu. Masika yanatisha, maji yanabeba mpaka magogo, mabasi yanasubiri ng'ambo. Baada ya wiki mbili mama yuko katikati ya korongo lile lile na kata yake, anachimba mchanga atafute ndoo moja. Ndivyo alivyotuona, na sijapata sababu ya kusema alituona vibaya, hasa ninaposikia mahubiri ya saa mbili ambamo mstari wa Biblia umesomwa mara moja mwanzoni na hatukukutana nao tena, na sadaka imetajwa mara kumi.

Kwa ajili ya hilo alitoa mwaka 1982 kitabu kuhusu kuhubiri. Alisema mhubiri ni mjenzi wa daraja: upande mmoja dunia ya Biblia, upande wa pili dunia ya leo. Wapo wanaokaa upande wa Biblia, wanahubiri Waamaleki mwaka mzima na kijana aliyekosa kazi hasikii chochote kinachomhusu. Wapo wanaokaa upande wa leo, wanahubiri habari za magazeti, na Neno halimo. Akataka kusikiliza kuwili: sikio moja kwa Maandiko, la pili kwa kilio cha watu. Yeye mwenyewe alikuwa na kikundi cha vijana wasomi waliosoma riwaya na kutazama filamu pamoja, kisha wakaulizana Injili inasema nini kwa mtu anayeona dunia hivi. Na aliwashauri wachungaji watenge muda wa kujisomea: saa moja kila siku, nusu siku kila wiki, siku nzima kila mwezi, wiki nzima kila mwaka.

Najua mnachowaza. Una mitaa sita, pikipiki ni mbovu, Jumamosi una mazishi mawili, na mke anauliza unga. Sikatai. Hata hiyo saa moja, anza na dakika 20. Lakini usisimame mbele za watu wa Mungu Jumapili na tumbo tupu la wiki nzima ukasema Roho atanipa. Stott aliamka saa kumi na moja alfajiri, akiwa na jina lote lile, kwenda kuomba na kusoma.

Sitaki mfikiri alikuwa malaika. Oktoba 1966, kwenye mkutano mkubwa wa Wakristo wa kiinjili pale London, Martyn Lloyd-Jones, mhubiri mkuu wa kizazi kile, alitoa hotuba ya kuwaita watu wa kiinjili wajitoe katika madhehebu yaliyochanganyika na mafundisho potofu, wawe kitu kimoja. Stott alikuwa mwenyekiti wa kikao. Baada ya hotuba akasimama, palepale, akampinga mbele ya watu: mabaki waaminifu katika Biblia, alisema, walikuwa ndani ya taifa la Mungu, hawakuwa nje. Mgawanyiko uliotokea ulidumu miaka. Mimi naona hoja yake ilikuwa ya kweli na kitendo chake hakikuwa sawa. Kiti cha mwenyekiti si mimbari. Naye aliona hivyo, kwa sababu baadaye alimwendea Lloyd-Jones akaomba radhi kwa kukitumia kiti vile. Msimamo wake hakuuondoa.

Na mwaka 1988, katika kitabu cha majibizano na David Edwards, aliandika kwa tahadhari kwamba huenda mwisho wa waovu ni kuangamia kabisa, si kuteswa milele na milele. Wengi waliompenda walimlaumu vikali. Mimi pia sikubaliani naye hapo. Namheshimu kwa kuwa aliweka Maandiko mezani na kuwaomba wengine wayachunguze pamoja naye.

Jambo lililombadilisha sana, na lililotugusa sisi, ni Lausanne. Julai 1974 watu zaidi ya 2,000 kutoka nchi zipatazo 150 walikutana mji huo wa Uswisi kuzungumzia uinjilisti wa dunia. Billy Graham ndiye aliyeuitisha mkutano, na Stott akapewa kazi ya kuongoza uandishi wa Agano lake, yaani tamko la mkutano. Padilla na mwenzake Samuel Escobar wa Peru walisimama wakasema Injili isiyomjali maskini imekatwa nusu. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, mtoto wa Uamsho wetu wa Afrika Mashariki, alizungumza juu ya msalaba. Stott aliketi usiku akipokea maoni, akirekebisha sentensi. Agano lilipotoka likawa na vifungu 15, na katika kifungu cha tano Wakristo wa kiinjili walitubu, neno ndilo hilo, walitubu kwa kupuuza haki na kwa kudhani kuhubiri na kuwatumikia wanyonge ni vitu vinavyopingana. Kifungu cha tisa kilikiri kwamba mahali pengine kupunguza wamishonari na fedha za kigeni kunaweza kulisaidia kanisa la wenyeji lisimame. Kumbukeni miaka mitatu nyuma Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri Afrika Mashariki alikuwa ametoa wito wa kusitisha kutumwa wamishonari, na wazungu wengi walikasirika. Pale Lausanne sauti hiyo ilipata sentensi yake. Mwaka uliofuata, wengine walipotaka kuirudisha kazi ya Lausanne kwenye uinjilisti peke yake, Stott alisema waziwazi kwamba wakifanya hivyo yeye atajiuzulu.

Alipenda kusema: nyama ikioza, usiilaumu nyama, ndiyo asili yake, uliza chumvi ilikuwa wapi. Ninyi mliokulia karibu na Mtera mnajua samaki asiyetiwa chumvi anakuwaje jioni.

Lakini msidhani aligeuka akawa mtu wa miradi tu. Mwishoni mwa 1975 alikuwa Nairobi, katika jengo la mikutano la KICC, katika mkutano mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, akajibu hotuba ya Askofu Mortimer Arias wa Bolivia. Akawaambia viongozi wale wa dunia kwamba kuna mambo wanapaswa kuyarudia: kwamba mwanadamu bila Kristo amepotea, kwamba kweli ya Injili inaaminika, kwamba Yesu ni wa pekee, kwamba kazi ni ya haraka, na kwamba mtu lazima amjue Yesu yeye mwenyewe. Kwa watu wa kiinjili alidai haki kwa maskini, na kwa watu wa haki alidai wokovu wa roho.

Niliahidi kurudi kwa baba yake.

Juni 1958 Stott alikuwa Australia, akiongoza wiki ya Injili katika Chuo Kikuu cha Sydney. Zikaja habari kwamba Sir Arnold amefariki. London ni mbali, na wiki haijaisha. Juu ya msiba, sauti ikamkauka. Siku ya mwisho, nusu saa kabla ya ibada, alikaa katika chumba cha pembeni na wanafunzi wachache, hawezi hata kuzungumza vizuri. Akamwomba mmoja asome 2 Wakorintho 12, habari ya mwiba: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Wakamwekea mikono. Akaingia ukumbini, akasogeza mdomo mpaka ukakaribia kugusa kipaza sauti, akahubiri kwa sauti ya kukwaruza, isiyopanda wala kushuka. Hakuna mbwembwe iliyowezekana. Alipowaalika, watu wakasimama wengi. Alirudi Australia mara nyingi baada ya hapo, na alisimulia kwamba kila mara alitokea mtu wa kumwambia: unakumbuka usiku ule ulipopotelewa na sauti? Mimi nilimpokea Kristo usiku ule.

Alihubiri hadharani kwa mara ya mwisho Julai 2007, katika mkutano wa Keswick, Uingereza, akiwa na miaka 86. Ungedhani angefundisha jambo kubwa la siri lililobaki. Alisema tu kwamba mapenzi ya Mungu kwa watu wake ni wafanane na Kristo. Kisha akahamia katika nyumba ya makasisi wazee huko Surrey, akaacha hata kuwatazama ndege. Maana alipenda ndege mno, alizunguka dunia na darubini shingoni, na alipenda kusema kwamba Yesu alipotuambia "Waangalieni ndege wa angani" ilikuwa amri kama amri nyingine. Macho yalipofifia, hakuweza tena.

Tarehe 27 Julai 2011, mchana, rafiki zake walikuwa wamekizunguka kitanda chake. Walikuwa wakisikiliza muziki wa Handel, ule wa Masihi, na wakimsomea Waraka wa Pili kwa Timotheo. Waraka huo aliwahi kuuandikia kitabu kizima miaka ya sabini, sasa anasomewa akiwa anaondoka. Majivu yake yako katika kijiji cha Dale, karibu na ile nyumba ya Hookses, na juu ya jiwe pameandikwa kwamba aliazimu asijue neno lolote ila Yesu Kristo, naye amesulubiwa.

Katika waraka huo kuna mstari mmoja ambao nikiusoma namwona Paulo gerezani, baridi inakuja, kifo kiko mlangoni, naye anatuma salamu kwa kijana wake: "Lile joho nililoliacha kwa Karpo huko Troa, ujapo ulilete, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi."

Naomba tusimame. Wenye Biblia tufungue 2 Timotheo sura ya nne, na yule mama katekista aliyekaa pale dirishani atusomee, kuanzia mstari wa kwanza.